Mapipa ya maji na chikungunya

Mhariri,

Mlipuko wa chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, wa 2017 na 2018 hapa Mombasa ulimwacha bibi jirani yangu hawezi kukamua nazi, vidole vimevimba, miezi baada ya homa kuisha. Mbu wake, Aedes, huuma mchana. Chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Huzaana kwenye maji tunayoweka majumbani kwa sababu ya mgao. Jamani, tufunike mapipa, na kila wiki tuyasugue ndani, maana mayai hunata ukutani hata maji yakikauka.

Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Mgonjwa apumzike, anywe maji mengi na parasetamoli. Aspirini asiguse mpaka apimwe na kuonekana hana dengi, homa nyingine ya mbu hao, maana aspirini huweza kuzidisha kutoka damu. Kaunti nayo ituletee maji kila siku.

Mkazi wa Majengo,
Mombasa