Matibabu ya akili yasisubiri mwanamke aondoke

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu jambo ambalo huandikwa sana siku mwanamke anapolazwa hospitalini au kuzikwa, na kusahaulika mara tu majeraha yanapokauka: afya ya akili ya mwanamke anayeishi na mume anayempiga, anayemtukana au anayemtisha.

Idadi yao si ndogo. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2021 yanaonyesha kwamba takriban wanawake 27 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliowahi kuwa na mume au mwenza, wamefanyiwa naye ukatili wa kimwili au wa kingono. Shirika hilohilo lilieleza mwaka 2013 kuwa uwezekano wa wanawake hao kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ni karibu maradufu ya wanawake wengine.

Wengi wao hufika zahanati, ila hawasemi kwamba wanapigwa. Husema kichwa kinauma, usingizi hauji, moyo unakwenda mbio, na vipimo havionyeshi kitu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na ninakiri kwa aibu kwamba nimewahi kuwakabidhi vidonge na kuwaruhusu waende zao bila kuwauliza hata swali moja kuhusu nyumbani kwao. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba mwanamke anayelala huku masikio yakiwa mlangoni hakukosa usingizi kwa sababu ya maradhi. Alikuwa akijilinda, na dawa ya usingizi ingeweza kumpokonya kinga pekee aliyobaki nayo.

Kuuliza nako kuna namna yake. Mume akiwa amekaa kando na kujibu kwa niaba ya mkewe, swali la ukatili litamponza usiku uleule, na hali ni hiyohiyo pale mtoto au shemeji anapotumiwa kuwa mkalimani. Sioni busara pia katika kuwaita wote wawili kwenye ushauri wa pamoja ilhali vipigo vinaendelea, kwa maana hapo mwanamke ama atanyamaza, ama atasema na kuadhibiwa kwa aliyoyasema.

Kuna wasaidizi, wengine wenye nia njema kabisa, ambao humwambia, “Ondoka kwanza, ndipo tukusaidie.” Wanasahau kwamba kipindi cha kuondoka mara nyingi ndicho chenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa, na kwamba mtu aliyeambiwa miaka nenda rudi kuwa hana akili hawezi kupanga safari ya namna hiyo kabla hajarejeshewa imani katika uamuzi wake mwenyewe. Kazi hiyo huanza angali ndani ya nyumba ile: kumsikiliza bila kumchokonoa, kumwambia waziwazi kwamba kosa si lake, kupanga naye mahali pa kukimbilia na vyeti vya kwenda navyo, na kumwachia yeye aamue lini. Tiba ndefu ya kiwewe, yaani jeraha la akili lililoachwa na ukatili huo, inaweza kuja baadaye, akishakuwa salama.

Jambo moja huniumiza kuliko mengine. Mwanamke akishapata matibabu ya akili, mume huweza kuyageuza kuwa silaha, akawaambia ndugu, au hata mahakama inayoamua malezi ya watoto, kwamba mama huyu ni mwendawazimu. Kwa hiyo faili lake lisisomwe na kila apitaye, cheti cha dawa kisipewe mtu mwingine, wala ujumbe wa miadi usitumwe kwenye simu ambayo huenda mume anaikagua.

Ninawaomba wasimamizi wa vituo vya afya watenge chumba chenye mlango unaofungika, na waweke utaratibu wa kila mgonjwa, awe mke au mume, kuonana na mhudumu peke yake kwa dakika chache. Utaratibu ukiwa wa wote, hakuna mume atakayeuliza kwa nini mkewe ameitwa pembeni.

Wako,
Muuguzi mstaafu