Kwa makipa mnaokaribia kutundika daluga

Wanangu,

Nawaona mnavyozungushia plasta vidole vilivyopinda kabla ya mazoezi, na nawasikia mkiambiana, "Msimu mmoja tu, basi." Sijaja kuwaambia mstaafu. Nina neno kuhusu siku inayofuata baada ya kustaafu, na nitalisema kupitia kipa mmoja Mwingereza ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia.

John Burridge, kwa jina la utani Budgie, alianzia Workington, timu ndogo ya kaskazini mwa Uingereza. Alipita klabu karibu thelathini. Alikuwa langoni Aston Villa ilipotwaa Kombe la Ligi 1977, baada ya fainali kurudiwa mara mbili, na akiwa na miaka 39 alibeba la Scotland na Hibernian mwaka 1991. Timu ya taifa haikumpa mechi hata moja. Zama zile lango lilikuwa la Peter Shilton na Ray Clemence, wengine walisubiri hadi wakachoka. Yeye hakuchoka. Nyumbani alimtaka mkewe amrushie matunda ghafla akiwa anatazama televisheni, mikono isije ikalala. Kichaa? Labda. Lakini Mei 14, 1995 aliidakia Manchester City dhidi ya QPR akiwa na miaka 43 na siku 162, na hajatokea mchezaji mzee kuliko yeye katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Mimi nalitaka lililofuata. Mtu aliyezoea kulala na mpira kitandani, alipokosa lango la kulinda alisambaratika. Mwenyewe amelisema hadharani: sonona ilimshika hadi akalazwa hospitali. Msiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Kila mtaa una kipa wa zamani anayeshinda kijiweni, nasi tunasema ameharibiwa na pombe. Mara nyingi pombe ilikuja baadaye.

Kilichomnyanyua Burridge ni kazi, tena ya mbali. Alikwenda Oman kufundisha makipa, mahali ambapo rekodi zake hazikumshtua mtu. Huko akakutana na kijana mrefu aliyekuwa zimamoto wa uwanja wa ndege wa Muscat, Ali Al-Habsi. Akamnoa, kisha akamnadi Ulaya kwa kila aliyemjua. Zile klabu zote alizohamahama zikaanza kulipa, maana karibu kila mlango ulikuwa na mtu aliyewahi kuvaa naye jezi. Al-Habsi alianza Lyn ya Norway 2003, mwaka uliofuata akawa kipa bora wa nchi ile. Bolton walimchukua 2006, akasugua benchi nyuma ya Jussi Jääskeläinen, kisha Wigan wakampa lango. Januari 2009 Oman ilitwaa Kombe la Ghuba nyumbani kwa penalti dhidi ya Saudi Arabia, na mashindano mazima Al-Habsi hakufungwa bao hata moja ndani ya mchezo. Jamaa zangu walioko Muscat hunisimulia usiku ule kwa Kiswahili cha Unguja, kila mwaka penalti zinazidi kuwa kali.

Sasa nyinyi. Timu zetu nyingi makipa hufundishwa na mtu aliyekuwa winga. Anapanga mipira kumi, anapiga mashuti, anapaza sauti, "Daka!" Hajui kwamba krosi husomwa kwenye mguu wa mpigaji kabla mpira haujaondoka, wala kwamba hatua mbili mbele ya mstari humfanya straika aone goli dogo. Hajui kumwambia kijana aliyepitisha mpira tobo aamke vipi dakika inayofuata. Hayo mnayo nyinyi, na mnazeeka nayo.

Kwa hiyo anzeni mngali mnalipwa. Timu kubwa ikimaliza mazoezi, bakini kidogo na makipa wa U-20, vijana wa chini ya miaka 20. Ulizeni chama cha mpira cha mkoa wenu kuhusu kozi za awali za ukocha, na mjilipie sasa, kwani mkataba ukiisha hata ada itawashinda. Tunzeni namba ya kila kocha mliyeachana naye kwa heri. Ikija simu kutoka mji msioujua, iwe Bujumbura au Salalah, msiulize kama wamewahi kuwasikia. Ulizeni wana makipa wangapi, na kama uwanja una nyasi.

Mzee wenu