Bakteria wa kunde hawali risasi

Mhariri,

Nalima mboga bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo, mwaka wa 12 sasa. Msimu huu alipita kijana na pakiti za unga mweusi: bakteria wa kupaka kwenye mbegu za kunde, eti "wanakula sumu" ya udongoni. Nikanunua moja. Sijuti, ila nina neno.

Nililowesha mbegu kwa maji ya sukari, nikazichanganya na ule unga kivulini, maana jua kali huwaua. Wiki ya sita nikang'oa mashina mawili. La tuta la juu mizizi imejaa vinundu, ndiyo makazi ya bakteria hao. Ukikipasua kimoja, ndani chekundu kama nyama. Hapo ujue kinavuta naitrojeni ya hewani, mbolea ya bure. La tuta la chini, jirani na anapovunjia fundi mmoja betri za magari, lina vinundu vitatu tu, tena vyeupe.

Metali nzito, kama risasi iliyomo kwenye betri hizo, huwadhoofisha bakteria hao. Wapo wanaostahimili na kuusaidia mmea ukue, sikatai. Lakini risasi hailiki wala haiozi: itabaki udongoni au itapanda kwenye mmea. Na sisi wa Dar kunde tunakula majani yake!

Kwa hiyo wauzaji waseme ukweli, na wahusika waje watupimie udongo kwanza. Tuta la chini mimi nimeshang'oa kunde zote, nimepanda maua ya kuuza.

Mama Mboga,
Kigogo, Dar es Salaam