Swali la motisha linawaponza wanafunzi wa mwaka wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Muhula wa kwanza ukifika katikati, wanaosahihisha insha za mwaka wa kwanza katika vyuo vya hapa Dodoma hukutana na karatasi moja iliyoandikwa mara mia tatu. Swali ni lile lile: eleza maana ya motisha, kisha jadili umuhimu wake katika kujifunza na kufundisha. Jibu nalo halibadiliki. Maana ya kunukuu, piramidi ya mahitaji ya binadamu, inayotokana na nadharia ya mwanasaikolojia Maslow ya mwaka 1943, iliyochorwa kwa rula na isiyoguswa tena hadi mwisho, hoja sita zinazoanza na "pia", na hitimisho linalorudia utangulizi. Kisha wakufunzi tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuandika, ilhali wameandika hicho hicho tulichowauliza, tena kwa mtindo uliowapatia alama tangu kidato cha kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha ofisini na cha viwanja vya mpira, motisha ni fedha: wachezaji wameahidiwa motisha wakishinda, watumishi wanadai motisha yao. Hata swali likiandikwa kwa Kiingereza, kichwani mwa mwanafunzi inakuja bahasha. Ndiyo maana ukurasa wa pili wote huwa wa zawadi, mwalimu agawe daftari, agawe pipi, darasa lipige makofi. Lile linalomfanya mtu ang'ang'anie jambo bila malipo halitajwi, ingawa tuna maneno yake mazuri, ari na hamu. Mkufunzi ayatenganishe siku ya kwanza: ari ni ya ndani, motisha inatoka nje. Hapo jaribio la wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett la mwaka 1973 litaeleweka kwa dakika kumi. Watoto wa chekechea waliopenda kuchora waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo wangechora. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zilirudishwa mezani bila ahadi yoyote, na watoto hao wakazichezea kwa muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Mwanafunzi aliyelielewa hilo huanza mwenyewe kuitilia shaka hoja yake ya pipi.

Shida kubwa zaidi ni kwamba swali halimdai mwandishi kitu alichokiona kwa macho yake. Liulizwe hivi: chagua kazi moja unayojua inavyofundishwa, eleza hatua zake, kisha onesha mwanagenzi hukata tamaa wapi na kwa nini. Dodoma hatukosi mifano. Chukua upogoaji wa mizabibu. Kijana huoneshwa mzabibu mmoja, hupogoa wa pili akiangaliwa, wa tatu huachiwa peke yake. Akiacha macho, yaani vile vinundu vinavyochipua, mengi mno, matawi huwa mengi na dhaifu. Akiacha machache mno, vishada hupungua. Lakini siku ile ya kukata hajui kama amekosea. Atajua wiki kadhaa baadaye, na wakati huo hakumbuki tena alikata wapi. Humo mna mada nzima ya mrejesho unaochelewa, na aliyekulia Hombolo, penye mashamba ya mizabibu, anaweza kuiandika vizuri kuliko kitini chochote. Aliyekulia mjini aandike jinsi konda mgeni anavyojifunza kurudisha chenji daladala likiwa limejaa.

Uandishi wenyewe uanzie darasani: dakika 20, kwa mkono, simu zikiwa mkobani, maneno kama 200. Akili mnemba itamwandikia insha safi kuhusu motisha, ila haijawahi kusimama shambani kwa babu yake. Rasimu hii iruhusiwe kuwa ya Kiswahili. Wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na mtu anayepambana na wazo na lugha kwa mpigo mmoja huliacha wazo. Akishaliacha, huenda steshenari kununua desa, yaani majibu ya kunakili, la mwaka juzi. Baada ya rasimu, wakae watatu watatu, kila mmoja asome yake kwa sauti na wenzake wamuulize swali moja tu: umejuaje? Wasizidi watatu. Kikundi cha watu kumi kina mwandishi mmoja na majina tisa. Nyumbani ndipo kila mtu aandike maneno 500 kwa Kiingereza.

Sasa usahihishaji, ambapo wengi watasema hakuna muda. Wanafunzi 300 wakigawanywa kwa wakufunzi sita, kila mmoja ana karatasi 50. Dakika nane kwa karatasi ni dakika 400, yaani dakika 80 kwa siku kwa siku tano. Dakika nane hazitoshi kurekebisha kila kosa la sarufi, na ni heri hazitoshi, kwani karatasi iliyojaa wino mwekundu humfanya mwanafunzi abadilishe maneno na kuliacha wazo kama lilivyokuwa. Maoni yawe mawili: sentensi moja iliyofanya kazi na sababu yake, na aya moja ya kuandikwa upya. Alama isiandikwe kwanza, maana ikiwepo hakuna asomaye maoni. Karatasi zirudi ndani ya siku saba. Penye mkufunzi mmoja kwa wanafunzi wote 300, zoezi lifanyike mara mbili tu kwa muhula na asome aya moja ya kila mtu. Si kingi, lakini kinafanyika.

Pale kazi za muhula zinapobeba alama 40, zitengwe 10 kwa ajili ya aya iliyoandikwa upya, na si kwa insha ya kwanza. Aya mpya ibanwe kwa pini juu ya ile ya zamani ili msahihishaji aone kilichobadilika. Anayeleta mpya peke yake arudishwe akaitafute ya zamani.

Wakufunzi wa mwaka wa kwanza,
Dodoma