Wanaounda majukwaa ya mjadala waje watuone tukiyatumia

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa kushona hapa Mombasa. Nina chumba kimoja Majengo na cherehani mbili, ya kukanyaga na ya umeme. Sisi mafundi wa Likoni, Kisauni, Changamwe na hapa kisiwani tumezoea kusaidiana kwa simu. Tulianza na kundi la WhatsApp, kisha vijana wetu wakatuhamishia kwenye jukwaa la mjadala, programu ya bure waliyoipata mtandaoni. Hilo jukwaa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kuhama kwenyewe kulikuwa na sababu ya haki. Kule kwenye kundi, fundi mmoja aliuliza mbona cherehani yake inaruka akishona kitambaa cha kuvutika: inakwenda vizuri inchi mbili, halafu inaacha pengo. Mzee mmoja wa Likoni, aliyeanza kushona wengi wetu hatujazaliwa, akamfafanulia pole pole. Atoe sindano ya kawaida, aweke yenye ncha ya mviringo. Ile kali hutoboa nyuzi za kitambaa badala ya kupita kati yake, kitambaa kinafuatana na sindano, na ule uzi wa juu haufanyi kitanzi cha kudakwa na ndoana ya chini. Jibu kama hilo hulipati dukani unaponunua sindano. Ilipofika isha lilikuwa limeshazikwa chini ya salamu, dua za wagonjwa na picha za magauni ya harusi. Swali lile lile likaulizwa tena, na tena, na tena. Mara ya nne mzee hakujibu, na simlaumu.

Kwenye jukwaa, swali linakaa pamoja na majibu yake, na ukitafuta neno “sindano” unalipata. Jambo hili si geni duniani. Usenet, mtandao wa zamani wa watu kujadiliana kwa kompyuta, ilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, na huko jibu lilikuja kubeba ndani yake alama ya ujumbe unaojibiwa, ili msomaji ajue nani anamjibu nani. Barazani mtu akijibu humtazama aliyeuliza. Kwenye simu alama ile ndiyo macho.

Kwa hivyo nalitaka jukwaa, tena sana. Ndiyo maana yaliyonikuta yaliniuma.

Usiku mmoja binti wa Kisauni, bado mwanagenzi, aliandika kwamba mikono ya gauni inamkunjamana begani. Nikakaa kumwandikia. Nilimweleza apitishe mistari miwili ya mshono mrefu, uliolegea, kwenye kichwa cha mkono, avute nyuzi kidogo kidogo mpaka kichwa kilingane na tundu la bega, agawe ule ulegevu kwa vidole, ndipo abane pini. Naandika kwa kidole kimoja, na karibu saa nzima ilinipita. Simu ikaita, mteja anauliza dera lake la Ijumaa. Niliporudi, jukwaa likaniambia muda wangu umekwisha, niingie upya kwa neno la siri. Nikaingia. Sanduku la kuandikia lilikuwa jeupe, halina hata herufi moja. Sikuwa na nguvu ya kuanza upya usiku ule. Kulipokucha, binti alikuwa ameshaikata upya mikono ya nguo ya mteja, na kitambaa hakikumtosha.

Hili linazuilika. Zipo programu za majukwaa zinazohifadhi rasimu huku mtu akiandika. Discourse, iliyotoka mwaka 2013, ni mojawapo. Aliyeunda hii yetu hakufikiria kwamba mwandishi anaweza kupigiwa simu katikati ya sentensi, na sisi tunapigiwa kutwa.

Kisha vile vitufe. “Jibu” na “Ripoti” vimebanana, vidogo kuliko kifungo cha shati la kitoto. Mwenzetu alitaka kumshukuru mtu, kidole kikaangukia “Ripoti”, na aliyeshukuriwa akapata onyo. Walinuniana wiki nzima. Mpwa wangu anayesomea kompyuta ameniambia mwongozo wa mwaka 2023 wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka kitufe kiwe na angalau pikseli 24 kila upande, au kiwe na nafasi ya kukitenga na vingine. Kipimo kipo, basi kifuatwe.

Na maneno pia. Kitufe cha kuuliza kimeandikwa “Anzisha uzi”. Vijana wanaelewa kwamba “uzi” hapo ni swali na majibu yanayolifuata. Bi mmoja anayeshona kofia za viua alinipigia kuniuliza ni uzi gani unaotakiwa. “Uliza swali” lingetutosha sote.

Mimi nguo simkabidhi mteja kabla hajaivaa mbele yangu nikaona inapombana. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwaangalia watu 5 tu wakitumia kitu chako, utaziona kasoro zake nyingi. Nawaomba vijana wa hapa Pwani wanaounda programu, na hata wale wanaozichukua za bure na kuzitafsiri, wafanye hivyo nasi. Waje wakae kando, wasituelekeze, wasitushike kidole. Watazame tu tunapositasita.

Nimeshasema na mafundi wanne, pamoja nami tumetimia watano. Baada ya swala ya Alasiri kazi hupungua, simu zetu tutakuwa nazo, na chai ipo.

Fundi wa kushona,
Majengo, Mombasa