Risala ya wazazi wa watoto wenye selimundu na G6PD, Likoni

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, mashekhe na wachungaji mliopo, wazazi wenzangu, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Karibu Likoni mheshimiwa, na pole na foleni ya feri. Sisi ni wazazi wa watoto ambao damu yao huvunjika mapema, wengi ni selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu kujikunja kama mundu, wachache ni G6PD, yaani wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuzikinga chembe hizo. Chembe nyekundu za mtu mzima wa afya hukaa kama siku 120, za hawa wa selimundu ni siku 10 mpaka 20 basi, mwili watengeneza lakini haufikii.

Sasa watu wakiskia upungufu wa damu waona ni kumpa sukumawiki na dawa ya kuongeza damu mambo yaishe, wallahi si hivo. Chembe zikivunjika zaacha rangi ya manjano, ndo hayo macho mnayoyaona, na miaka ikienda ile rangi yaweza kufanya vijiwe kwenye nyongo, mtoto apasuliwe bado yuko sekondari. Moyo nao wachoka. Na anayeongezwa damu mara kwa mara chuma humjaa kwenye ini, kwa hivo hizo dawa za damu zenye chuma, za kujinunulia bila kupimwa, jamani.

Linalotutisha zaidi ni bandama. Damu hujifungia humo ghafla, mtoto asubuhi alikuwa acheza, jioni ameregea, midomo myeupe, tumbo kushoto limefura. Hapo hakuna kungoja kesho. Ndo maana kikundini kila mama hufunzwa kupapasa chini ya mbavu za kushoto, na homa yoyote ni hospitali siku hiyohiyo.

Wa G6PD wana afadhali kidogo, wakiepushwa praimakwini, ile dawa ya malaria, na naftalini, zile tembe za kufukuza nondo mnazotia kwenye masanduku ya kanga. Wakiguswa nazo mkojo hutoka mweusi kama kahawa chungu, ila sababu ikiondolewa mara nyingi damu hurudi.

Na wa selimundu pia, wakipata haidroksiyuria, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, na penisilini utotoni, chanjo na neti, husoma, huoa, huzaa. Shida hiyo haidroksiyuria leo ipo kesho haipo, na bei ya kununua nje ya hospitali hatuiwezi.

Ombi letu basi mheshimiwa: utusukumie hiyo dawa isikatike, walimu wawaruhusu hawa watoto chupa ya maji darasani na kwenda choo bila kuulizwa sana, na leo ukishika maiki uwaambie hawa vijana waliojaa hapa nyuma watoe damu, wewe watakuskiza.

Ahsante, karibu chai na mahamri.