Pilau iache, baba: ya kupeleka Camp Randall Jumamosi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Minneapolis hatujambo, baba yako anakusalimu sana, na wadogo zako hawaishi kuuliza utakuja lini. Ujumbe wako nimeusoma. Nimefurahi kusikia wenzako wa bweni wamekualika kwenye teligeti yao, ule mlo wa pamoja nje ya uwanja kabla ya mechi ya Badgers, timu ya chuo chenu ya futiboli ya Kimarekani, na nimefurahi zaidi kwamba hukutaka kwenda mikono mitupu. Umeniomba nikuelekeze kwa simu namna ya kupika sufuria kubwa ya pilau. Pilau iache, baba. Nitakwambia kwa nini, kisha nitakwambia upeleke nini.

Watu wa teligeti hawakai. Uwanja wao wa Camp Randall unachukua watu zaidi ya 75,000, na asubuhi ya mechi mitaa ya jirani yote hujaa: kwenye maegesho, kwenye nyua za nyumba, nyuma ya pikapu zilizoshushwa ubao wa nyuma ukawa meza. Mtu kashika kinywaji mkono mmoja, anazungumza na huyu, anamwita yule, mara mpira umerushwa anakimbia kuudaka. Pilau inataka sahani, kijiko na mahali pa kuketi. Tena huu ni Novemba, na baridi ya Madison unaijua. Mafuta yataganda juu ya wali kabla mtu hajafika kijiko cha tatu. Watakuonja kwa adabu, watakusifu, halafu utarudi bwenini na sufuria karibu nzima. Chakula chetu cha heshima sitaki kifikie hapo.

Jambo la pili ni saa. Mechi ikipangwa saa sita mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani, kwenu huko ni saa tano asubuhi. Kwa hiyo watu watawasha majiko tangu saa mbili, na wengi watakuwa hawajanywa hata chai. Hapo chakula kizito cha mchana hakina wenyewe, ila chenye mayai kitagombaniwa.

Kwanza kabisa muulize mwenyeji nani analeta nini. Bila kuuliza, watu wanane wataleta chipsi za pakiti na hakuna atakayeleta barafu. Bratwurst usihangaike nazo, zitakuwepo tu. Hiyo ndiyo soseji ya Wisconsin, iliyoletwa na Wajerumani waliohamia huko kwa wingi karne ya 19, na wenyeji huitokosa kwenye bia na vitunguu, wakaichoma, wakaipaka haradali. Nyingi ni za nguruwe. Wewe sema huli, basi, kwa tabasamu na bila hotuba. Nilipokwenda na wenzangu wa kazini kwenye maegesho ya uwanja wa Green Bay nilisema hivyohivyo, na mama mmoja akanijazia kiganja vijibonge vya jibini bichi, vile ambavyo vikiwa vya siku hiyohiyo hulia kwenye meno ukivitafuna. Uvile, ni vitamu kweli.

Sasa chakula chako. Peleka mishkaki ya kuku, na peleka chapati za mayai.

Mishkaki nakuchagulia kwa sababu kila Mmarekani anajua nyama ya kijiti ailaje, hakuna wa kuuliza maswali, lakini ladha hawajaizoea. Nunua paja lisilo na mfupa kwenye duka la halali, siyo kidari. Kidari ukikisahau dakika mbili jikoni kimekauka; paja lina mafuta yake, linakuvumilia ukiwa unapiga soga. Kwa watu ishirini chukua kilo nne, ukatekate vipande vya kiasi cha kidole gumba kuanzia kiungo hadi ncha, vipande vinne kila kijiti, vijiti vitatu kwa mtu. Ijumaa usiku saga tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi, tia ndimu, chumvi, pilipili manga, bizari ya pilau kidogo na mtindi wa kuilainisha nyama. Papai bichi usiliweke likalala nalo usiku kucha, nyama itavurugika na haitashika kwenye kijiti. Vijiti vya mwanzi vilowekwe maji nusu saa kabla ya kutungia, visije vikaungua.

Ukwaju uupike kando: loweka, kamua, chuja, chemsha na sukari na chumvi mpaka uwe mzito wa kupakika. Ugawe mara mbili tangu nyumbani. Chombo kimoja ni cha kupakia nyama jikoni, na brashi iliyogusa nyama mbichi isitoke humo. Kingine ni cha mezani, na hicho kisikaribie nyama mbichi hata kidogo. Pilipili iwe kwenye chupa yake. Wengine watamwaga, wengine hawatagusa, na kila mmoja atakula kwa raha zake.

Kwa kuwa jiko la kuchomea ni la wote na limepita nguruwe, nenda na foili nene. Tandika tabaka mbili upande wako, toboa matundu, choma juu yake. Au nunua jiko dogo la mkaa, lile la kukunja miguu. Hapo una moto wako na watu watakuja wenyewe kwa harufu. Kuku aive mpaka katikati ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Nunua kile kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, usitegemee macho asubuhi ya baridi na moshi.

Chapati zile nilizokufungia bado unazo kwenye friza. Zitoe Ijumaa. Kaanga mayai kwa kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba, tandaza juu ya chapati, kunja kama wauzaji wa rolex, zile chapati za mayai za Kampala, wanavyokunja, kata katikati, funga kila nusu kwenye foili. Asubuhi unazipanga pembezoni mwa jiko zipate moto. Mtu anabandua foili upande mmoja, anakula amesimama na glavu mkononi. Wasiokula nyama nao watakuwa wameshiba. Sambusa ni tamu, nakubali, lakini ukizifungia kwenye hotpoti hutoa jasho na kulegea, na kukaanga mafuta mengi kwenye jiko la bweni sikutaki kabisa.

Kashata za karanga usipeleke. Mzio wa karanga ni jambo la hatari kweli, na kwenye mkusanyiko wa namna ile hujui mtoto wa nani atapita akachukua.

Beba madeli mawili ya barafu. La vinywaji hufunguliwa kila dakika, kwa hiyo nyama iwe kwenye deli lake peke yake, barafu juu na chini, lifunguliwe wakati wa kuchoma tu. Chakula kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kati ya nyuzi 4 na 60; Septemba, jua likipita nyuzi 32, hiyo ni saa moja. Basi usichome vyote kwa mpigo. Choma vijiti ishirini saa mbili na nusu, ishirini saa tatu, vya mwisho saa tatu na nusu, ili kila anayefika akute vya moto. Watu wakianza kuingia uwanjani, kilichobaki mezani kitupe. Mechi huchukua zaidi ya saa tatu; usikirudie ukitoka hata ukiwa na njaa ya namna gani.

Bizari na ukwaju nimezituma leo kwa posta, pamoja na glavu za baba yako zenye manyoya ndani. Zisipofika hadi Alhamisi nipigie nikuelekeze duka la Wahindi. Na uvae soksi mbili.

Mama yako